Mbingu za Lamu na Darubini ya Mwenye Kipato cha Kadiri

Khabari za Lamu ya mchana zimekwisha andikwa na wengi. Wameisifu milango yake ya nakshi, vichochoro vyake vyembamba, punda wake wapitao na mizigo, misikiti yake na Maulidi yake. Na mwaka 2001 mji huo wa kale ulitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Lakini walioandika juu ya usiku wake ni wachache. Nasi katika makala haya twataka kuusema usiku huo, na khasa mbingu zake, kisha tujibu suala ambalo vijana huliuliza na wazazi huliogopa kwa ajili ya gharama: nyumba yenye kipato cha kadiri yaweza kununua chombo gani cha kutazamia nyota, kisiwe cha kupoteza fedha, wala kisiwe cha kuchezewa siku mbili kisha kikatupwa juu ya kabati?

Jawabu fupi ni darubini ya macho mawili, mfano wa ile achukuayo nahodha chomboni. Lakini jawabu fupi halitoshi, kwa kuwa maduka yamejaa darubini za kila namna, na nyingi katika hizo zina maandishi makubwa kuliko kazi yake. Mzazi asiyejua la kuuliza hutoa fedha ya chakula cha mwezi mzima akarejea na kitu kisichomwonyesha mwanawe ila ukungu. Basi yafaa tulieleze jambo hili kwa taratibu, na Lamu iwe ndiyo mahali petu pa kulipimia.

LAMU ILIVYOKAA

Kisiwa cha Lamu kiko kusini ya mstari wa Ikweta kwa kadiri ya digrii mbili na robo. Jambo hili lina faida kubwa kwa mtazama nyota. Mtu akaaye Ulaya ya kaskazini hazioni kabisa nyota za kusini ya mbali, na akaaye ncha ya kusini ya Afrika hazioni nyingi za kaskazini. Aliye Lamu, akidumu mwaka mzima, huzipata karibu zote za pande mbili.

Moja tu iliyo mashuhuri humpita, nayo ni Jaa, nyota ya kaskazini. Kwake imefichwa chini ya upeo wa bahari, tena si mbali, ni kwa digrii chache tu. Nahodha atokaye Lamu kwenda Arabuni kwa upepo wa kusi, akisha kuivuka Ikweta, huanza kuiona Jaa ikitoka majini mbele ya omo. Na kadiri aendeleavyo hupanda, hata akifika Maskati aikuta imesimama juu ya upeo kwa digrii 23 na zaidi. Ndiyo maana mabaharia wa kale walijua wamefika wapi kwa kuipima nyota hiyo. Ahmad bin Majid wa Julfar, aliyeandika juu ya elimu ya ubaharia katika karne ya 15, aliutaja urefu wa nyota kwa hesabu ya isbaa, yaani upana wa kidole mkono ukiwa umenyoshwa. Watu hao hawakuwa na vioo vya kukuzia, illa walikuwa na macho yaliyofunzwa na majina waliyoyahifadhi.

Majina hayo hayakupotea duniani, bali huenda yakapotea kwetu. Vitabu vya nyota vya Wazungu hata leo vimejaa maneno ya Kiarabu yaliyopindwa kidogo. Aldebaran ni Ad-Dabaran, yaani yenye kufuata, kwa kuwa huifuata Kilimia. Fomalhaut ni Famul-Hut, kinywa cha samaki. Achernar ni Akhirun-Nahr, mwisho wa mto. Abdur-Rahman As-Sufi, aliyezaliwa mwaka 903 na kufariki mwaka 986, aliandika kitabu juu ya nyota yapata mwaka 964, na ndani yake akataja wingu dogo lionekanalo upande wa kaskazini. Leo twajua ya kuwa wingu hilo ni jamii kubwa ya nyota, liitwalo Andromeda, na umbali wake nasi ni kadiri ya miaka ya nuru milioni mbili na nusu. As-Sufi alilitambua kwa macho matupu. Darubini ya bei ndogo humwonyesha mtoto wa leo wingu hilo hilo pasina taabu, maadamu ameambiwa liko wapi.

Katika usiku mmoja wa Januari, ufukoni Shela, nilisikia mzee mmoja aliyekuwa nahodha akimwuliza mjukuu wake juu ya kile kishada cha nyota kilichokuwa juu yao.

"Ile ni nini, mwanangu?"

"Ni nyota tu, babu."

"Nyota tu! Ile ndiyo Kilimia. Wazee wako walikitazama kizamapo na kichomozapo, wakajua majira ya mvua na siku za kushika jembe. Jina lake latoka katika kulima, nawe wala hulijui."

Kijana alinyamaza kwa haya. Mzee akamvika shingoni darubini yake ya zamani, iliyochubuka rangi kwa maji ya chumvi, akamwelekeza. Kwa macho matupu kijana alikuwa amehesabu nyota sita. Kwa darubini alihesabu kwa sauti hata akafika ishirini na tisa, kisha akaacha kuhesabu, akabaki kutazama. Haikuwa darubini ya thamani, lakini ilitosha kumfanya aulize jina la nyota ya pili, na ya tatu.

KWA NINI MACHO MAWILI

Wengi hudhani ya kuwa atazamaye nyota hana budi kununua ile darubini ndefu ya jicho moja yenye miguu mitatu. Ilivyo kweli, zile za bei ya chini zina aibu nyingi. Miguu yake hutetemeka kwa upepo mdogo. Huonyesha kipande kidogo mno cha mbingu, hata anayeanza hajui anatazama wapi. Na mara nyingi huonyesha kitu kikiwa kichwa chini. Mtoto hutafuta nusu saa asione kitu, akachoka, na chombo kikaishia stoo.

Darubini ya macho mawili huonyesha vitu vikiwa wima kama vilivyo, na hukusanya eneo kubwa. Iliyo nzuri ya kadiri huonyesha upana wa digrii sita au saba mara moja, na mwezi mpevu upana wake ni nusu ya digrii tu. Kilimia chote huingia ndani na nafasi ikabaki. Tena haina matumizi ya usiku peke yake. Mchana hutazamiwa ndege wa mikokoni, majahazi yaingiayo, na mashua ya jamaa aliyechelewa kurudi kuvua. Chombo chenye kazi mbili hakiitwi cha anasa.

NAMBA MBILI ZA KUZIJUA

Juu ya kila darubini huandikwa namba mbili, mfano 7x50 au 10x50. Ya kwanza ni kadiri ya mara inazokuza. Ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Wauzaji huisifu ile ya kwanza. Mwenye kutaka nyota na aitazame ya pili kwanza, kwa sababu nyota haitaki kukuzwa sana bali yataka kukusanyiwa nuru. Kioo cha milimita 50 hukusanya nuru mara nne ya kioo cha milimita 25, na zaidi ya mara 50 kuliko jicho tupu lililofunguka kabisa gizani.

Sasa igawe namba ya pili kwa ya kwanza. Jawabu ni upana wa mwali wa nuru uingiao jichoni. Kwa 7x50 ni kadiri ya milimita 7. Kwa 10x50 ni 5. Kwa 8x42 ni 5 na kidogo. Kwa 10x25, zile ndogo za kutia mfukoni, ni 2 na nusu tu, ndiyo maana usiku hazifai ijapokuwa mchana zapendeza. Mboni ya kijana gizani hufunguka kama milimita 7; ya mtu mzima hupungua, na kwa wengi waliopita miaka 50 haizidi 5 au 6. Kwa hiyo 7x50 humfaa kijana aliye mahali pa giza kama Shela, na mkono wake hautaonekana kutetemeka sana. Ama 10x50 hufaa zaidi kwa wazee na kwa wakaao miji yenye taa nyingi kama Mombasa na Dar es Salaam, kwa sababu huitia giza mbingu iliyopauka na nyota zikajitokeza. Na 8x42 ni nyepesi, yafaa mikono ya watoto na ya mama asiyependa kubeba uzito. Katika tatu hizi hakuna iliyo mbaya.

Ama zile zikuzazo mara 20 au 30 za kushika kwa mkono, jihadhari nazo. Kila kinachokuza nyota hukuza na mtetemo wa mkono pia, na nyota hucheza kama moto wa karabai upepowe. Zile za 15x70 huonyesha mambo mazuri, lakini uzito wake ni kadiri ya kilo moja na nusu, na hazina raha pasipo stendi. Wala usinunue zile zenye kibonyezo cha kuzidisha na kupunguza ukuzaji. Kwa bei ya chini, kazi yake huwa mbovu katika kuzidisha na katika kupunguza.

KUIPIMA DUKANI

Ndani ya darubini mna vioo vya pembe viitwavyo prizimu, navyo ni namna mbili. Zile zenye mabega mapana, ambazo kioo cha mbele hakikunyoka na cha nyuma, ni za namna ya kale iitwayo Porro. Zile zilizonyoka kama bomba mbili zataka ufundi mkubwa zaidi kiwandani, na ufundi huo una bei. Kwa hiyo mwenye fedha kidogo hupata kioo bora katika zile za mabega. Tazama pia maandishi: prizimu za kioo cha BaK-4 kwa kawaida ni bora kuliko za BK-7.

Kisha kuna rangi nyembamba ipakwayo juu ya vioo. Uso mmoja wa kioo kisichopakwa hurudisha nyuma kadiri ya sehemu 4 katika 100 za nuru. Hilo laonekana dogo. Lakini ndani ya darubini mna nyuso kumi au zaidi, na hasara hizo zikijumlika, theluthi ya nuru yapotea njiani. Kwa ajili hiyo tafuta iliyoandikwa kuwa vioo vyake vyote vimepakwa tabaka nyingi. Ukiitazama kwa mbele chini ya taa, mng'ao wake huwa hafifu, wa kijani au wa zambarau. Ukiona mng'ao mweupe mkali, vioo havikupakwa vizuri. Na zile zenye vioo vyekundu kama kito cha yakuti, ambazo huwavutia watoto, ziache dukani.

Kabla hujatoa fedha, fanya majaribio haya. Shika darubini mbali na uso kwa urefu wa mkono, uielekeze penye nuru ya mchana, lakini usiielekeze kabisa kwenye jua. Utaona katika vioo vya nyuma duara mbili za nuru: zikiwa mviringo kamili ni vizuri, zikiwa zimekatwa pembeni kama mraba, prizimu zake ni dhaifu. Kisha tazama kitu cha mbali chenye ncha, kama mlingoti au ukingo wa mnara. Ukiona viwili badala ya kimoja, au ukihisi macho yanavutwa, vioo havikulingana, na hilo nyumbani halitengenezeki. Itikise kidogo usikilize kama mna kitu kilicholegea. Jaribu gurudumu la katikati, na lile la jicho la kulia lirekebishalo tofauti ya macho mawili. Avaaye miwani aijaribu akiwa ameivaa.

Kwa hesabu ya masoko ya Ulaya na Marekani, darubini ya 7x50 au 10x50 yenye sifa hizi hupatikana chini ya dola 150, na nyingine chini ya hapo sana. Kwetu huongezeka nauli na ushuru. Njia ya pili ni kununua iliyotumika, na hasa 7x50 za vyomboni, kwani ndicho kipimo kipendwacho na mabaharia tangu zamani. Lakini washa tochi, uimulike kutoka upande mmoja, utazame ndani kutoka upande wa pili. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu iliyomea juu ya kioo kwa unyevu. Muuzaji ataapa kuwa ni vumbi, wewe iache.

MAHALI PATATU PA KUTAZAMIA

Mahali pa kwanza ni darini. Nyumba za Lamu zimesongamana kwa ajili ya kivuli na kwa ajili ya ujirani, na juu yake mtu huinuka kidogo akaziacha taa za vichochoro chini. Lakini hapa pana jambo lililo kubwa kuliko nyota. Mtu aliye darini na darubini mkononi amepewa uwezo wa kuona ndani ya nyua na madirisha ya jirani zake, na dini yetu imeiharimisha sana tabia ya kuchungulia majumba ya watu. Basi kila mzazi na aweke sharti hili kabla ya kumkabidhi mwanawe chombo: darubini haishuki chini ya ukuta wa dari. Tena ni adabu kuwaarifu jirani mapema ya kuwa usiku huu twatazama nyota, ili asije mtu akakuona gizani akakudhania vibaya. Mji uliojengwa kwa kusitiriana hauwezi kuharibiwa na kioo cha milimita 50, ila kwa mkono usio adabu.

Mahali pa pili ni Shela, mwendo wa kadiri ya kilomita 3 kutoka mjini kwa kufuata pwani. Mji wa Lamu wenyewe umeuelekea mkondo wa Manda upande wa mashariki, lakini ufuko wa Shela umefunguka kwenye bahari kuu, na upande wa kusi hakuna taa wala nchi ya kuziba. Hapo nyota za kusini hutoka majini. Vilima vya mchanga vilivyo nyuma ya ufuko ni kinga nzuri ya upepo. Kaa chini, uegemeze mgongo, na viwiko uviweke juu ya magoti, mkono utatulia.

Mahali pa tatu ni Takwa, katika kisiwa cha Manda, ambako ni gofu la mji ulioishi katika karne za 15 hadi 17, pamoja na msikiti wake na kaburi lake la nguzo. Giza lake ni zuri, lakini bahari ina hesabu yake. Chombo huingia Takwa kwa mkono wa bahari upitao katikati ya mikoko, na hupita maji yakiwa yamejaa. Sasa fikiri: mtazama nyota hupenda siku zisizo mwezi, siku hizo ndizo siku za bamvua, na katika bamvua pwani yetu hujaa karibu na saa kumi za alasiri, na hupwa kati ya saa nne na saa tano za usiku. Basi aingiaye Takwa alasiri kwa ajili ya giza, saa atakayo kurudi atakuta matope mahali pa maji, na hatatoka mpaka maji ya alfajiri. Mwenye kwenda na apate idhini ya watunzaji wa mahali hapo, amwulize nahodha wake na wenyeji juu ya usalama, achukue maji na mkeka, na anuie kulala. Mwenye watoto wadogo atosheke na Shela.

Twapasa kusema pia kuwa giza hilo si la milele. Mwaka 2021 gati ya kwanza ya bandari mpya ya Lamu ilifunguliwa ng'ambo ya Manda, na bandari haifanyi kazi gizani. Riziki za watu ni jambo la kheri, wala hatuzipingi. Lakini taa yenye kifuniko imulikayo chini hufanya kazi ile ile bila ya kuipaka mbingu nuru. Hilo hata mwenye duka na mwenye nyumba aweza kulifanya kwa taa yake mwenyewe.

YA KUTAZAMWA KATIKA MWAKA

Kwanza yape macho nusu saa gizani kabla ya kuyahukumu, wala usiwashe simu. Ukihitaji taa, ifunge kwa kitambaa chekundu.

Katika kaskazi, tangu Desemba hadi Machi, mbingu za Lamu huwa safi. Jioni utaona Kilimia, na nyuma yake Ad-Dabaran iliyo nyekundu. Kisha zile nyota tatu zilizopangana katikati ya Jabari. Chini yake darubini huonyesha ukungu mdogo wenye nuru, nao ni mahali ambapo nyota mpya zazaliwa. Karibu yake ni Shiira, ing'aayo kuliko nyota zote za usiku, ambayo jina lake limetajwa katika Suratun-Najm. Upande wa kusini, usiku usio mwezi, pana mawingu mawili yasiyosogea na upepo: nayo si mawingu, bali ni jamii mbili za nyota zilizo jirani na yetu, ziitwazo kwa jina la Magellan.

Mwezi wa Aprili na wa Mei ni wa masika, na mtu hutazama kwa kuiba nafasi. Kukipambazuka kati ya mvua, tafuta Omega Centauri upande wa kusini, ambayo kwa macho ni nyota yenye ukungu na kwa darubini ni mpira wa nuru uliofanyika kwa nyota zisizohesabika. Julai hadi Septemba, Nge amepanda juu, na moyo wake, Qalbul-Aqrab, ni mwekundu. Karibu na mkia wake ile Majarra, ukanda mweupe upitao mbinguni, hufurika nyota hata hujui pa kuanzia. Lakini ndio wakati wa kusi kali, basi jikinge na ukuta. Oktoba na Novemba ni zamu ya wingu la As-Sufi upande wa kaskazini.

Ama sayari, Mshtarii ndiyo itakayokufurahisha. Egemeza 10x50 juu ya ukuta, utaona kando yake vitone vilivyojipanga: hiyo ni miezi yake mikubwa minne, ambayo Galileo aliiona mwaka 1610, na kila usiku hubadili mahali. Zohali usiitegemee; pete zake hazionekani wazi kwa chombo cha namna hii, na akuambiaye kinyume chake anakuuzia. Mwezi nao usiutazame mpevu, bali utazame ukiwa nusu, penye mpaka wa nuru na kivuli. Hapo mashimo na milima yake husimama dhahiri.

MWEZI MWANDAMO NA KHATARI YA JUA

Nyumba nyingi zitaitaka darubini jioni ya tarehe 29, na khasa Shaabani na Ramadhani. Ni kweli kuwa husaidia kuutafuta mwezi mwembamba uliozama katika wekundu wa jioni. Na mwezi ambao haujatimiza saa 15 tangu kuzaliwa ni nadra sana kuonekana kwa macho matupu. Katika hukumu ya kuonekana kwa chombo wanachuoni wana maneno yao, nasi hatuingilii; kila mtu na amfuate mwenye elimu wa mahali pake.

Lakini katika jambo moja hakuna khitilafu. Darubini isielekezwe upande wa magharibi mpaka jua lizame lote, lisibaki hata ukingo. Vioo vile vikusanyavyo nuru ya nyota hukusanya na moto wa jua, na jicho laweza kuunguzwa kwa dakika isiyotimia, tena pasipo maumivu ya kumwonya mtu. Mtoto asiachiwe chombo hiki mchana peke yake. Gharama ya darubini hulipwa ikasahauliwa, jicho halinunuliwi.

KUITUNZA PWANI KWETU

Adui wa darubini katika pwani yetu ni watatu: mchanga, chumvi na unyevu. Usifute kioo kwa upindo wa kanzu wala kwa kanga. Mchanga ulio juu yake utakikwaruza. Kwanza puliza kwa kipira cha mpira au pangusa kwa brashi laini, kisha ndipo ufute kwa kitambaa safi cha miwani. Ukirudi kutoka ufukoni, futa mwili wake kwa kitambaa kilichoguswa maji baridi, ukaushe. Usiifungie siku nyingi ndani ya mkoba wa ngozi wala ndani ya sanduku lisilopata hewa, kwani humo ndimo kuvu imeamo. Iweke katika kopo lenye vile vifuko vya chembe za kunyonya unyevu vitokavyo ndani ya maboksi ya viatu, na mara kwa mara itoe ipate hewa. Ikitunzwa hivi, hurithiwa na wajukuu.

Na ikiwa hata bei hiyo ni nzito kwa nyumba moja, si lazima kila nyumba iwe na yake. Nyumba tatu za mtaa mmoja, au madrasa moja yenye wanafunzi thelathini, waweza kuchanga wakanunua 10x50 moja, wakaiwekea mwangalizi na zamu. Wamtafute na mzee mmoja ajuaye majina ya nyota, wamkalishe katikati yao akingali hai. Darubini yaweza kuagizwa mwaka ujao kama mwaka huu haikupatikana. Mzee huyo haagiziki. Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha.